Breki ya Akala

Nabei hakwenda Lodwar kugombana na mtu. Alikwenda kwa sababu binti yake alikuwa anakwenda, na yeye ni mama ambaye hawezi kumtuma mtoto hata bombani bila kusimama mlangoni mpaka amwone akirudi. Lakini saa tatu asubuhi, mbele ya meza ndefu ya waandaaji wa mbio za baiskeli, iliyotandikwa kitambaa cheupe, mwanamume mwenye kofia ya buluu alinyoosha kalamu yake akaielekeza kwenye miguu ya binti huyo, Atiir.

"Hizo hapana."

Atiir akajitazama miguu. "Hizi akala?"

"Tunataka viatu vya kufunika vidole. Ni sheria. Na hiyo baiskeli pia hapana, iko na breki moja tu."

"Iko na mbili," Atiir akajibu. "Ya mbele ni hii hapa. Ya nyuma ni mguu."

Waliosimama kwenye foleni wakacheka. Walikuwa vijana wa Nairobi na wa Eldoret, wenye kaptula za kubana na miwani ya rangi ya mafuta, kila mmoja na baiskeli nyepesi unayoweza kuinua kwa vidole viwili. Nabei hakucheka. Alijua binti yake hakuwa anafanya mzaha.

Atiir ana miaka ishirini na mmoja. Alizaliwa Lopur, pembeni mwa Kakuma, nyumba ya Ekal, mume wa Nabei, mchungaji wa mbuzi, ambaye hata siku ile ya mbio alikuwa upande wa Namoruputh akifuata majani na mbuzi wachache waliobaki. Zamani walikuwa wengi. Mvua ilipokataa mwaka baada ya mwaka na mbuzi wakaisha, Nabei alianza kuchoma makaa vilimani na kuyauza kambini kwa wakimbizi. Gunia moja kichwani, mteremko wa mawe, jua la Turkana. Shingo ilipoanza kukataa, alikwenda kwa Gatwech, mkimbizi Mnuer, mrefu, anayetengeneza baiskeli chini ya turubai karibu na soko la kambi, wakakubaliana baiskeli kwa makaa.

Gatwech aliunganisha baiskeli moja kutoka kwa maiti tatu za baiskeli. Fremu ilikuwa ya mzungu fulani aliyeondoka, magurudumu ya aina mbili, kiti cha ngozi kilichoshonwa kwa waya. Breki ya nyuma haikupatikana.

"Nikipata nitakuwekea, Mama Atiir," alisema. "Kwa sasa msichana ateremke akiisukuma."

Msichana hakuisukuma. Alikuwa na miaka kumi na minne, na katika wiki ya kwanza alianguka akapasua kidevu, kovu liko mpaka leo. Katika wiki ya pili alianza kurudisha mguu wa kulia nyuma na kuibana akala yake juu ya tairi, mbele kidogo ya gunia. Akala zile alikatiwa na baba yake kutoka tairi la lori, nene kama mkate. Raba juu ya raba. Hakuna waya wa kukatika wala skrubu ya kulegea.

Nabei alisimama chini ya mteremko kila siku kwa miaka saba, mkono mdomoni. Yeye aliacha shule darasa la nne na barua humchukua muda kuisoma, lakini mteremko wa binti yake aliweza kuusoma wote. Aliona jinsi Atiir anavyoinuka kwenye kiti na kusogea nyuma mpaka nusu yake iwe juu ya makaa, magoti yamelegea, viwiko vimefunguka kama mabawa ya kuku. Macho yake hayatazami jiwe lililo mbele ya tairi. Yanatazama kupita la tatu kutoka hapo.

"Ukitazama jiwe unaenda kwa jiwe," Atiir alimweleza siku moja. "Mimi natazama mahali hakuna jiwe."

"Na mguu?"

"Mguu haukanyagi, Mama. Unasugua. Ukikanyaga, gurudumu linasimama na wewe unaendelea."

Hofu ya Nabei haikupungua hata chembe. Alizoea tu kuishi nayo.

Mwaka huu watu wa mbio walikuja Kakuma kutafuta wawili wa kupeleka Lodwar. Vijana thelathini walishindana kwenye vilima vya nyuma ya kambi, na Atiir aliwaacha wote kwenye mteremko, wavulana kwa wasichana, baiskeli ya maiti tatu ikilia kama mbuzi. Watu wa mbio walipiga picha nyingi sana. Walimpiga picha akiwa na magunia, ingawa siku hiyo hakuwa na mzigo na ilibidi wayaazime. Walipiga picha mpaka hizo akala. Nabei anakumbuka vizuri, maana kijana wa kamera alilala kifudifudi mavumbini ili kuzipata, akisema "safi, safi sana." Siku ile akala zilikuwa nzuri.

Wa pili aliyechaguliwa alikuwa Majak, Mdinka wa kambini, mpole, aliyesubiri wiki tatu kugongewa muhuri karatasi ya kumruhusu kutoka Kakuma kwa siku mbili tu.

Wanawake watatu wa kwanza Lodwar wangeingia timu na kufanya mazoezi Nairobi mwaka mzima. Atiir alitaka hilo. Nabei alitaka kitu kimoja tu, binti yake ateremke mzima.

Ndiyo maana, alfajiri ya kuondoka, alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Alichukua akala za Atiir akaenda nyuma ya nyumba, akazirusha juu ziangukie mchangani, kama wazee wanavyofanya kuuliza heri kabla ya safari au vita. Si kazi ya mwanamke, na Nabei ni mtu wa kanisa, anaimba sauti ya pili. Lakini alimwona mzee Ekal akizirusha maisha yake yote, akajua kidogo kuzisoma. Mara tatu alizirusha, mara tatu moja ikalala kifudifudi juu ya mwenzake. Akazipangusa, akazirudisha mlangoni, akachemsha chai.

Sasa, mbele ya meza nyeupe, akala hizo zilikuwa zimevuliwa na kufungwa kwenye leso yake, na Atiir amepewa raba nyeupe za kitambaa, kubwa kwa namba moja. Walimpa na baiskeli. Ilikuwa nyekundu, imeoshwa ikang'aa, ina jina la mfadhili pande zote mbili. Majak alipewa nyekundu nyingine, ndugu ya hiyo.

Nabei aliishika ile nyekundu akaminya breki ya nyuma. Mkono wa breki ulikwenda mpaka ukagusa usukani, laini, kama kuminya titi la mbuzi mkavu. Akainama. Palipotakiwa kuwa na raba ya kubana gurudumu palikuwa na chuma.

"Wewe ndiye fundi?" alimwuliza mwanamume aliyevaa aproni ya mafuta.

"Ni mimi, mama. Ochola."

"Hapa hakuna nyama, Ochola. Ni mfupa mtupu."

Ochola akatazama kulia na kushoto. "Najua. Niliomba mpya. Zilizokuja zikawekwa kwa hao waliolipa kiingilio." Akatoa spana, akakaza waya. Mkono wa breki ukawa mgumu kidogo. "Hiyo ndiyo naweza. Nenda uwaambie pale mezani, labda wewe watakusikia."

Nabei alikwenda. Hapo ndipo alipokosea, na mpaka leo akikumbuka hujipiga paja. Alianza vizuri. Alisema breki ya nyuma imekufa, alisema palipotakiwa raba pana chuma, alisema kwenye mteremko wa mawe ukibaki na breki ya mbele peke yake inakurusha juu ya usukani. Kofia ya Buluu alikuwa anasikiliza nusu, kalamu mkononi.

"Baiskeli zote zimekaguliwa, mama. Fundi ametia sahihi."

"Zimekaguliwa na nani? Njoo uminye mwenyewe!" Hasira ilimpanda, na woga ukapanda pamoja nayo, na kile alichokificha tangu alfajiri kikamtoka. "Hata akala zenyewe zilikataa! Nilizirusha mara tatu, mara tatu zikakataa!"

Kisha mtangazaji mwenye kipaza sauti, kijana wa maneno mengi aliyesimama karibu, akaruka kama aliyeokota pesa.

"Jamani wapenzi wa mbio! Tuko na mathe hapa ameongea na viatu! Viatu vimesema leo si siku nzuri! Mathe, hebu uliza viatu nani ataibuka mshindi, tuweke dau!"

Uwanja mzima ukacheka. Walicheka hata Waturkana wenyewe, watu ambao baba zao hawavuki laga, ule mto mkavu wa mchanga, bila kurusha akala. Kofia ya Buluu alitabasamu kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyomchoma Nabei kuliko kicheko.

"Imani yako tunaiheshimu, mama. Lakini mbio hazipangwi kwa uganga."

"Mimi naongea juu ya breki!"

"Tumekusikia, mama."

Hawakusikia. Aliona wazi wakiifunga breki na akala katika mzigo mmoja na kuutupa. Alikuwa na neno moja la kweli ambalo mtu yeyote angeweza kulipima kwa mkono wake, na yeye mwenyewe ndiye aliyewapa sababu ya kutolipima.

"Mama, wacha," Atiir alisema, akimvuta kando. Alikuwa amevaa kofia ngumu, uso umekuwa mdogo. "Nitashika ya mbele kidogo kidogo. Twende."

"Kidogo kidogo inaua pia."

"Na Nairobi nitafika vipi, nikikaa hapa nikikusikiliza?"

Njia ya mbio ilianzia uwanjani, ikavuka mchanga wa laga, ikapanda kilima cha mawe meusi nyuma ya mji, kisha ikateremka upande wa pili. Mizunguko ilikuwa mitatu, wanaume na wanawake pamoja. Mahema, viti vya wageni na gari la wagonjwa vyote vilikuwa uwanjani. Nabei hakukaa huko. Alipanda kwa miguu, leso imefungwa kiunoni na akala ndani yake, akachagua kona mbaya kuliko zote, mahali njia inapokata kushoto na kulia kuna korongo. Palikuwa na utepe wa plastiki wa kuzuia watu. Mtu anayeanguka na baiskeli hazuiliwi na utepe.

Kwenye mchanga wa laga wale wa Nairobi walizama, Atiir akapita kandokando ambako mchanga umeshikana, kama mtu yeyote wa Lopur angefanya. Alifika kileleni wa tatu kati ya wanawake. Nabei alimwona akiinuka kwenye kiti, akirudi nyuma, magoti yamelegea, na kwa dakika moja moyo wake ulitulia. Kisha aliona vidole vinaminya na baiskeli haisikii. Aliona mguu wa kulia unarudi nyuma wenyewe, kwa mazoea ya miaka saba, lakini mguuni kulikuwa na raba ya kitambaa. Soli laini ikanaswa na meno ya tairi, ikavutwa ndani, gurudumu likagoma. Baiskeli ikageuka ubavu. Atiir aliutoa mguu kwa nguvu, akagonga jiwe kwa pedali, akakata kona akiwa nusu hewani, na tairi la nyuma likamwaga kokoto korongoni.

"Imeisha kabisa!" alipiga kelele akipita. Soli ya kiatu ilikuwa inaning'inia kama ulimi.

Dakika chache baadaye alikuja Majak. Majak hakujua breki ya mguu. Aliminya ya nyuma, hakupata kitu, akaminya ya mbele kwa woga, na baiskeli nyekundu ikamtupa kama punda anavyotupa mzigo. Alianguka kwa bega, upande wa njia, Mungu alimrehemu, siyo upande wa korongo. Mfupa wa bega ulisimama chini ya ngozi. Alilia kwa lugha yao, akimwita mama yake ambaye aliachwa ng'ambo ya mpaka.

Watu wanne walimbeba kwa mikono kuzunguka kilima, maana gari la wagonjwa haliwezi kupanda mawe. Kutoka uwanjani sauti ya kipaza ilikuwa bado inachekesha watu.

"Simamisha hii kitu!" Nabei alimwambia msichana wa bendera.

"Mimi nashika bendera tu, mama. Na tafadhali usivuke utepe."

Nabei aliuvuka. Hakuuruka, aliukanyaga ukakatika. Alipanda mpaka sehemu ya mawe makubwa ambako kila mshindani hushuka na kubeba baiskeli begani, akamsubiri binti yake hapo. Atiir alikuja akihema, damu kwenye kifundo cha mguu, bado wa tatu.

"Toka kwenye mbio," Nabei alimwambia.

"Sitoki."

"Majak amevunjika. Ni baiskeli ileile, breki ileile."

Atiir akasimama. Macho yake yalikwenda juu, kwa wale wawili waliomtangulia, kisha chini, kwenye ile soli inayoning'inia. Nabei alifungua leso.

"Basi kama hutoki, vaa hizi."

"Wataniondoa, Mama. Mimi ni wa tatu. Wa tatu anaingia!"

"Heri waondoe jina lako kwenye karatasi kuliko wakuondoe wewe kwa mikono ya watu wanne."

"Si ulisema hizi akala zilikataa?"

Nabei alimtazama. Kumbe uwanja mzima ulisikia, na mtoto wake pia. "Zilikataa," alisema. "Labda zilikataa kuvuliwa. Mimi sijui kuzisoma vizuri. Vaa."

Nyuma, mshindani mwingine alikuwa anasikika akipanda. Atiir aliketi juu ya jiwe, akavua zile raba, na kwa sababu amelelewa vizuri akazipanga pamoja juu ya jiwe, viatu vya watu. Akavaa akala. Akabeba baiskeli.

Mteremko ule wa pili, watu wa Lodwar waliokuwa kilimani bado wanausimulia. Atiir alikuja kama maji ya laga mvua ikinyesha mbali. Mkono uligusa breki ya mbele kidogo tu, mguu wa kulia uko nyuma, akala juu ya tairi, na ule mlio ukatoka, mnene, kama mtu anayechana gunia, pamoja na harufu ya raba inayoungua ambayo Nabei angeitambua hata akiwa amelala. Hakukanyaga. Alisugua. Alimpita mmoja kabla ya kona na wa pili ndani ya kona yenyewe, upande wa korongo, ambako hakuna mtu mwenye baiskeli ya thamani angethubutu kuweka tairi. Nabei hakuweka mkono mdomoni safari hii. Alikuwa anapiga vigelegele na hakujua.

Mzunguko wa tatu, vivyo hivyo. Atiir alifika wa kwanza kati ya wanawake.

Mwenye kipaza sauti alilitaja jina lake mara nyingi, na Lodwar nzima ikaitikia. Kisha Kofia ya Buluu akamnong'oneza kitu sikioni, na sauti ikabadilika. Mshindani kutoka Kakuma ameondolewa, ilisema. Viatu visivyoruhusiwa. Na amepokea msaada kutoka nje ya utepe.

Nabei aliposhuka, alimkuta Atiir amekaa mchangani. Alimpapasa mikono, mabega, kidevu, magoti. Mzima. Alihesabu mpaka vidole. Kisha akachukua ile baiskeli nyekundu, akaiinua, akailaza juu ya meza, juu ya kitambaa cheupe na vikombe vya washindi, mavumbi na mafuta na vyote.

"Minya," alimwambia Kofia ya Buluu.

"Mama, uamuzi umesha..."

"Sijauliza uamuzi. Minya."

Safari hii hakutaja akala. Hakutaja wazee, wala Mungu. Alisimama tu, na watu wakaanza kukusanyika nyuma yake, akina mama wa samaki waliokuja kutoka Kerio, vijana, hata wawili wa Nairobi wenye miwani. Kofia ya Buluu akaminya. Mkono wa breki ukagusa usukani bila sauti.

"Zungusha gurudumu ukiwa umeminya."

Gurudumu likazunguka, likazunguka, halikuwa na habari.

"Na ya yule kijana aliyevunjika iko vilevile," Ochola alisema kutoka nyuma, akivua aproni yake. "Niliwaambia juzi. Hiyo sahihi si yangu."

Mwenye kipaza sauti alikuwa amekishusha chini.

"Tutaandika ripoti," Kofia ya Buluu akasema.

"Andika sasa. Mimi nimefika darasa la nne, nitasoma polepole. Nina siku nzima."

Aliandika. Nabei alisoma neno kwa neno, kidole juu ya karatasi, na palipoandikwa "hitilafu ndogo" alimrudishia afute neno "ndogo." Alifuta. Jina la Atiir halikurudi kwenye orodha, na Nabei hakuliomba. Alijua watu wale wangetoa kikombe kabla ya kuomba msamaha, na kikombe hakingemfunga Majak bega. Lakini mmoja wa wale wa Nairobi aliandika namba ya Atiir kwenye simu yake, akasema kocha wao lazima asikie habari ya ule mguu. Labda atampigia. Mpaka leo Nabei anaweka simu ya Atiir palipo na mtandao.

Walikuwa wamekwisha kuipakia baiskeli ya maiti tatu kwenye lori la kurudi Kakuma, Majak amekaa mbele na bega limefungwa, Kofia ya Buluu alipokuja mbio na karatasi nyingine.

"Samahani, mama. Kuna viatu. Raba nyeupe, jozi moja. Vilikuwa vya kurudishwa."

Nabei alimtazama, kisha akatazama kilima.

"Viko pale juu, juu ya jiwe, vimepangwa vizuri," alisema. "Pandeni. Na mkiteremka, shikeni breki."